Nilivyomtisha Mungu Mbele ya Majirani

Mama mkwe wangu alikuwa anatuongoza kwenye maombi ya asubuhi kama mtu anayetoa ng'ombe zizini. Saa kumi na moja kamili alishapita mlango kwa mlango katika parsele yetu ya Ndosho, uwanja mmoja wa mawe meusi wenye nyumba tatu za mbao, anagonga kwa fimbo, na haondoki mlangoni mpaka asikie mguu wa mtu umegusa chini. Huko Masisi alikuwa na ng'ombe kweli. Vita ilipomshusha mjini alifika kwetu na Biblia, sufuria moja na ile fimbo, na kwa kuwa hakuwa tena na mnyama wa kuchunga, akatuchunga sisi.

Mimi ni mtu wa Butembo, Mkatoliki wa kuzaliwa. Sisi tunasali kwa maneno ambayo wengine walishatuandikia, Mungu anajua yanapoanza na yanapoishia, na hakuna anayeshtuka. Wenzetu Waprotestanti wa parsele yetu wanaomba wote kwa pamoja, kwa sauti, kila mmoja na lake. Mama mkwe alikuwa anafungua kwa wimbo, anasoma mistari, halafu anasema, "Sasa kila mutu aseme na Mungu wake," na hapo kelele inaanza, wanawake sita au saba, huyu analia, huyu anakemea, huyu anazunguka uwanja. Akiona inatosha, anapiga makofi mawili na watu wote wananyamaza. Mume wangu alikuwa anajifanya ana kazi ya mapema kwenye karakana yake ya kuchomelea milango ya chuma, kwa hiyo aliyebaki kuwakilisha nyumba yetu mbele za Bwana ni mimi.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, zote katika mwezi wa tano. Ya kwanza tuliililia peke yetu. Ya pili parsele nzima ilikuwa inaijua, maana walikuwa wanaiombea kila asubuhi kwa sauti ya juu, na ilipotoka walikuja wote kunieleza sababu za Mungu. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mama mkwe aliwashinda wote. Alisimama kwenye maombi, siku ya tatu baada ya kumzika mtoto, akamshukuru Mungu kwamba mama yake mtoto amebaki. Huyu mama alikuwa anashukuru kwa kila kitu, hata kwa ng'ombe wake walioporwa, eti waliacha ng'ombe lakini miguu ya kukimbilia walikuja nayo. Sawa, ng'ombe ni wake. Lakini kwa mtoto wangu nilimwangalia kwa jicho ambalo mkwe hatakiwi kuwa nalo, na moyoni nikamchukia, nasema ukweli.

Kwa hiyo hii ya tatu tuliapiana, mimi na mume wangu, kwamba hatumwambii mtu. Mimi ni fundi wa kushona, nikajikatia mablauzi mapana. Walionicheka kwamba nimenenepa niliwajibu kwamba ni fufu, ule ugali wa muhogo.

Tatizo likawa moyo. Kila siku, kabla fimbo haijagonga mlango, moyo ulikuwa unaniamsha wenyewe, unapiga mbio, mikono inatetemeka mpaka nashindwa kutia uzi kwenye sindano hadi jua lipande. Nikaenda kwa muganga wa hospitali. Akanipima, akasikiliza, akaniambia, "Moyo ni muzima, mama. Ni mawazo. Unasali?"

Nikamwambia nasali.

"Basi sali asubuhi, na uvute pumzi polepole."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Kusali asubuhi ndicho kitu pekee nilichokuwa nakifanya bila kukosa, tena kwa kugongewa na fimbo. Lakini mtu mwenye woga hachagui dawa, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu siku za kuufikia ule mwezi wa tano. Nikaanza kuhudhuria maombi kwa bidii, kama mtu anayemeza kinini cha malaria.

Wiki ya kwanza nilifuata maelekezo ya mama mkwe: anza kwa kushukuru. Nikashukuru kwa maji ya ziwa, kwa mboga ya sombe, kwa mashine yangu ya kushona, kwa volkano kutokutupitia. Moyo ukaendelea kukimbia tu. Nikajaribu ule mstari wa kutokuhangaika kwa lolote, nao ukanihangaisha zaidi, maana sasa nilikuwa na woga wa mimba na tena dhambi ya kuogopa.

Halafu asubuhi moja, katikati ya zile kelele, nikagundua kwamba hakuna anayemsikia mwenzake. Nilikuwa nimekaa miezi na miezi nikiomba kwa adabu, nikipanga maneno, na kumbe ningeweza kusema chochote. Nikajaribu kidogo. Nikamwambia Mungu kwamba naogopa. Nikaona ni rahisi, nikaongeza kwamba nimekasirika. Kesho yake nikamwambia kwamba kwa mtu anayejua hesabu ya nywele zangu zote, ni ajabu sana ashindwe mara mbili kuhesabu hadi tisa. Nilipofungua macho mikono ilikuwa imetulia. Niliingia ndani nikatia uzi mara moja tu.

Basi ikawa dawa yangu. Kila asubuhi nilikuwa nakwenda kugombana. Wenzangu wakatoka maombini wameloa machozi, mimi nikatoka na hamu ya kula. Mama mkwe aliniangalia akaridhika, akawaambia majirani kwamba Roho ameanza kazi kwa mke wa mwanawe. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanisumbua, ile sauti ya mama muuza nyanya aliyekuwa anasimama karibu nami. Yule akimkemea shetani utafikiri shetani amekalia nyanya zake. Alikuwa ananipotezea maneno, kwa hiyo nikajizoesha kuziba masikio kwa vidole.

Hapo ndipo nilipokosea. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimebakiza siku nane kuufikia mwezi wa tano, na moyo ulikuwa umekimbia tangu jogoo wa kwanza. Nikafumba macho, nikaziba masikio vizuri, nikaanza. Makofi mawili ya mama mkwe yalipigwa. Mimi sikuyasikia.

"Sikiliza vizuri," nilikuwa namwambia Mungu, kwa sauti ile ile ya kushinda kelele. "Hii mimba ya tatu ni yangu. Hao wawili uliwachukua nikanyamaza, watu wakakushukuru mbele yangu, nikanyamaza. Huyu hapana. Ukichukua na huyu, mimi na wewe basi. Sitakuita tena, na siku ya hukumu usinitume upande wowote mpaka kwanza unijibu."

Nilifungua macho na kushusha vidole kwa sababu ya ubaridi fulani. Wanawake wote walikuwa wananitazama. Mama mkwe alikuwa bado amekutanisha viganja vyake. Mama muuza nyanya, kwa mazoea tu, maana maombi yakiisha ni lazima mtu aitikie, akasema, "Amina." Na wengine wawili wakafuata, "Amina." Basi tishio langu lilipanda mbinguni likiwa na saini za parsele nzima.

Mama mkwe hakunihubiria. Alisema, "Maombi yamekwisha, kila mutu aende kwa kazi yake." Halafu akaja mpaka mlangoni kwangu, akachukua bidoni yangu ya maji bila kuniangalia, akaenda nayo bombani. Tangu siku hiyo sikubeba tena maji.

Kabla chai haijachemka mtaa mzima ulikuwa unajua. Mama wa mikate pale barabarani alinivutia kiti nikae, akaniambia, "Mficha uchi hazai. Lakini wewe, mama, umefunua kila kitu kwa siku moja." Mume wangu aliporudi jioni alicheka mpaka akaketi juu ya jiwe.

"Umemutisha Mungu? Hata mimi haujanitishaka hivyo." Kisha akaacha kucheka. "Na mama alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alienda kuchota maji."

"Hiyo ni mubaya," akasema, na kesho yake akaenda kazini mapema kuliko kawaida.

Ule mwezi wa tano ulipofika, woga ulirudi wote. Kugombana kwenyewe kulishakwisha, maana sasa kila nikifungua mdomo maombini wenzangu walikuwa wanashusha sauti ili wasipitwe. Mume wangu alipata kazi ya milango huko Munigi, anaondoka giza halijatoka vizuri, na mimi nikawa nabaki kitandani nimegeukia ukutani, naogopa hata kukohoa nisije nikamwangusha mtoto.

Asubuhi ya pili ya mwezi ule nikasikia mlango umefunguliwa taratibu. Alikuwa mama mkwe, kabla ya saa yake ya kugonga milango. Aliketi chini, karibu na kitanda, akaanza kuomba kwa Kihunde, lugha yao ya Masisi, kwa sauti ya chini sana. Kihunde changu kinaishia kwenye salamu na ugomvi wa kuku. Sikuelewa neno, lakini niliujua mwenendo wake, na nikasema moyoni, ndiye huyo, ameanza kushukuru mapema. Nilitamani kumwambia atoke. Niliogopa kugeuka, basi nikalala hivyo hivyo na hasira yangu, na ninaona aibu kusema kwamba nilipitiwa na usingizi. Alikuja kesho yake, na kesho kutwa, mwezi mzima, halafu na ule uliofuata. Kila akiingia nilikasirika, na kila akianza kuomba nililala.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa, wa kike, mzima, analia kama anayedai haki yake. Nilipopata nguvu za kutoka nje asubuhi, mama mkwe akasema siku hiyo tutaanza na ushuhuda, na ushuhuda ni wake. Akamchukua mtoto mikononi mwangu akasimama mbele. Nikajiandaa kusikia habari za uvumilivu. Nilikuwa nimeshamsamehe nusu, na nilikuwa tayari kumvumilia dakika kumi.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina."

"Ng'ombe zangu zilichukuliwa, nilishukuru. Nyumba yangu ilichomwa, nilishukuru. Mutoto wa pili wa huyu mama alikufa, nikashukuru mbele yenu wote, na niliona namna aliniangalia." Akamrekebishia mtoto kofia. "Nilikuwa nashukuru juu nisilie. Ningeanza kulia, ningeacha wapi? Kwa huyu mutoto sikushukuru. Nilikaa chini karibu na kitanda ya mama yake asubuhi zote, nikamuambia Mungu maneno ile ile huyu alisema, moja kwa moja, kwa Kihunde, juu asinisikie. Na nikaongeza yangu. Niliogopa sana."

Nadhani hakuna aliyejua kama ushuhuda wa namna hiyo unaitikiwa. Mtoto akaanza kutafuta ziwa kwenye kifua cha bibi yake, naye akaja akanirudishia, akaketi chini kwenye mawe pale pale karibu nami, akajifunika uso kwa kitenge, na akalia mbele ya watu wote, yule mama ambaye sikuwahi kuona chozi lake. Sikumwambia anyamaze. Nilimnyonyesha mtoto nikiwa nimeegemea bega lake.