Jina Walilolipa Tanuru

Siku yangu ya kwanza kazini Kolwezi, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, nilipewa karatasi ya Kifaransa niitafsiri. Nilikuwa karani mtafsiri, nimetoka chuo kikuu juzi tu, na sikukubali jambo kabla ya kulihoji mara tatu. Karatasi ilihusu tanuru jipya la kukaushia madini ya shaba, ambalo mafundi wa Kizungu walilipa jina Dragon. Niliandika: "Joka, nyoka mkubwa atemaye moto." Tangazo likabandikwa mlangoni.

Siku mbili baadaye zamu nzima iligoma kuingia. Mbele yao alisimama Tata Ilunga, mzee aliyekuwa kapita, yaani msimamizi wa kikosi. Babu yake aliyeyusha shaba kwa mivukuto kabla Wazungu hawajafika.

"Kwa nyoka hatuingie bule," alisema. "Kwanza pemba."

Pemba ni udongo mweupe unaopakwa wakati wa kuwaomba wahenga.

Mkuu wa ofisi, Mbelgiji, akaniita. "Weye uliandika. Hii neno inatoka wapi? Ukishindwa kueleza na watu wakakosa kuingia mpaka saa sita, kapita anafukuzwa."

Nilifungua kamusi. Neno ni la Kigiriki: nyoka, na huenda limetokana na kitenzi cha kuona, kama kusema mwenye kukazia macho. Moto haumo! Basi nani aliuongeza kabla yangu? Nilitoka mbio, nikamweleza Tata Ilunga.

Akanionyesha mkono wa shati lake, umeungua hadi kwenye kiwiko. "Weye ulisoma mu kitabu. Mi nilisoma mu hii mulango. Jana nilifungua, ikanitemea moto."

"Basi si nyoka, ni mlango mbovu. Kwa nini hukusema?"

"Mutu mweusi akisema mashine ya muzungu ni mubaya, banamufukuza. Akisema nyoka, banacheka tu."

"Kwa hiyo pemba ni uongo?"

"Pemba ni ya kweli, mutoto. Usichanganye."

Nilikuwa nimekwisha kuchanganyikiwa. Nilimwambia mkuu kwamba neno ni la Kigiriki, na kwamba watu wataingia nyoka akifungwa mdomo na kupakwa pemba. Alicheka hadi akakohoa, kisha akamwita fundi aangalie huo mdomo, yaani mlango. Mlango ulikazwa kabla ya saa sita. Tata Ilunga alipaka pemba kwenye fremu, akaingia wa kwanza, akabaki kapita.

Sasa nimestaafu, naishi Dilala, hapa hapa Kolwezi. Sijajua nani alimpa nyoka yule moto, wala Tata Ilunga aliamini nini. Lakini tangu siku ile sikutafsiri tangazo la mashine yoyote kabla ya kwenda kuuliza: imemuunguza nani?