Picha Iliyotazama Ukuta

Katika duka letu kila kitu kimetolewa na watu: masufuria, makoti, viti vyenye mguu mmoja mfupi, na picha. Picha ndiyo usiseme. Mtu akihama nyumba, au akigombana na mkwe aliyempa zawadi, picha inaletwa kwetu. Tunauza, na kinachopatikana kinawalisha na kuwalaza watu wasio na makazi katika bweni lililo nyuma ya duka. Mimi nakaa kaunta. Nimeona wengi wakipita bwenini humo, lakini wa kusimuliwa ni Brashi.

Brashi alikuwa mwandika mabango. Zamani ukiona ukuta wa kinyozi una kichwa kilichonyolewa vizuri kuliko vichwa vinavyotoka humo ndani, jua ni kazi yake. Kisha yakaja mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, wateja wakamkimbia kama mwenye upele. Kodi ikamshinda, godoro likatupwa nje, akawa analala barazani kwenye maduka aliyoyapaka rangi yeye mwenyewe. Alipofika kwetu alikuwa na ndevu kama fagio chakavu na maneno mengi kuliko redio.

"Dada," aliniambia siku ya kwanza, "nimelala chini ya jina la duka nililoliandika kwa mkono huu. Herufi zangu hazijachuja. Bati lao ndilo linalovuja."

Tukampa kazi ya kupiga deki na kupigilia misumari ya kutundikia picha. Kuchora? Hakutaka hata kusikia. Mpaka akaja mwalimu mkuu wa shule ya watoto wadogo kutafuta viti, akasikia habari zake, akamtaka amchoree ukuta mzima: wanyama, matunda, namba. "Nipe jibu Jumamosi," akasema, "la sivyo namchukua mwingine."

Brashi akanywea. "Mkono umekufa, dada."

"Haujafa. Wewe ndiye unayeuzika mkono huo ungali unapumua."

Akarudi kwenye deki yake. Lakini siku mbili baadaye alikuja na kipande cha mbao alichokipaka rangi: mlango wa bweni letu, na mbele yake viatu vya watu wote vimevuliwa ovyo, kimoja kimelala ubavu, kingine kimempanda mwenzake mgongoni, na kandambili moja isiyo na mwenzi. Nilicheka mwenyewe kabla sijaulizwa.

"Huu ni mchango wangu," akasema. "Uzeni kama picha nyingine. Akinunua mtu asiyenijua, nakwenda kwa mwalimu. Asiponunua, naendelea na deki yangu. Na mtu wa humu ndani asithubutu. Huruma nimekula mpaka nimevimbiwa."

Sasa, duka letu lina desturi yake. Mteja akipenda picha na hana fedha mkononi, tunaigeuza, uso kwa ukuta, mpaka arudi kulipa. Iliyogeuzwa haiguswi. Kesho yake nilipotoka kula, nikaikuta picha ya viatu imetazama ukuta.

"Nani kaiweka?" nikamuuliza mpishi wa bweni, maana yeye ndiye hunishikia kaunta.

"Mteja mmoja hivi. Mtu mzima. Atakuja Jumamosi."

Wiki hiyo Brashi alipiga deki na mluzi kwa pamoja. Sakafu ikang'aa mpaka watu wakaogopa kukanyaga. Alinyoa ndevu, tukagundua kumbe ana kidevu.

Jumamosi asubuhi akaingia mwanamume mnene, sauti kama kipaza cha mnadani. "Shikamoo, mama! Nimetumwa na dada yangu, mpishi. Nichukue ile picha ya yule jamaa yenu anayeonewa huruma."

Brashi alikuwa nyuma ya kabati la makoti, kitambaa cha deki mkononi. Alitoka polepole.

Mpishi alitokea jikoni na mwiko, uso umemparama. "Kaka, nilikwambia useme kwa sauti ndogo!"

"Hii ndiyo ndogo."

"Siku zote hizi!" Brashi akamwambia mpishi. "Siku zote hizi picha yangu imepewa adhabu ya kutazama ukuta, hakuna mtu hata mmoja aliyeiona!"

"Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi! Hilo ndilo linaloniuma."

Mpishi machozi yakamlenga, nikamwambia akageuze chakula chake kabla hakijaungua, kwa kuwa wema wake ulikwisha kuungua. Brashi akaigeuza picha, akaipigilia karibu na mlango kwa nguvu hadi glasi zikalia rafuni, akarudi kwenye ndoo yake; kaka mtu akaondoka mikono mitupu. Zilibaki saa chache tu tufunge.

Mchana akaingia mama mmoja anayetafuta mapazia. Macho makali, kikapu kikubwa. Mapazia yote aliyakataa. Alipokuwa anatoka, akasimama.

"Hii bei ni ya picha, au na viatu vyenyewe vimo?"

"Ya picha, mama," nikasema.

"Ghali. Kandambili yenyewe moja. Mchoraji alichoka?"

Nikauma ulimi. Brashi hakuuma wake. "Ya pili imevaliwa kwenda chooni, mama."

Mama akamtazama, akacheka kwa nguvu. "Hao ni wanangu kabisa! Wanavua hivihivi mlangoni, kila siku mimi nikijikwaa. Nitaitundika hapo hapo waone aibu. Punguzeni."

"Haipungui," akasema Brashi.

"Rangi imevuka hapa ukingoni."

"Hicho ni kivuli."

"Kivuli cha kijani?"

"Kuna mti nje ya picha."

Walivutana mpaka wateja wengine wakaacha kuchagua masufuria wakatuzunguka. Hakuna mwenye huruma ambaye angebisha namna ile kwa ajili ya kivuli. Mwishoni mama akalipa, akaitia picha kikapuni, na mlangoni bado anasema ameibiwa.

Mpishi akachungulia. "Umeona? Kaka yangu angekulipa bila kelele."

"Ndiyo maana nisingemwamini," Brashi akamjibu, mikono tayari anaifutia kwenye suruali. "Mwalimu yupo saa hizi?"

"Yupo, kimbia," nikamwambia.

Alikimbia kweli. Ndoo ya maji machafu aliiacha katikati ya mlango. Nilimwita arudi aitoe; hakusikia, au alijifanya hasikii.