Binti yangu alivyomleta ndama mbele ya jury ya ushonaji

Wakuu, salamu kutoka Kirolirwe kwenye baridi. Siongezi chumvi, na ndama mwenyewe bado yuko hai, anayebisha aje amuone.

Binti yangu Furaha alifika darasa la kuchagua option, yaani fani ya kusomea. Huyu tangu mdogo ni ng'ombe tu, alitaka veterinaire, udaktari wa mifugo. Prefe, yaani mkuu wa shule, akamwandika ushonaji, akaniambia:

"Papa, mutoto mwanamuke na bangombe wapi na wapi? Ashone."

Nami, mzee mzima, nikasaini fomu bila kumuuliza mtoto. Wiki nzima hakunisemesha, na nilistahili.

Mwisho wa mwaka ukaja mtihani: kila mmoja ashone nguo, achague mwenyewe wa kumshonea, ampitishe mbele ya jury, yaani waamuzi wa mtihani, na wazazi. Wenzake wakaleta dada na shangazi.

Furaha akaingia na ndama wa siku nne. Ndama amevaa koti la blanketi, vifungo vinne chini ya tumbo, limemkaa sawasawa. (Huku kwetu mvua ya usiku inaua ndama, kwa hiyo msicheke sana.)

Ukumbi mzima ulicheka. Prefe akasimama.

"Furaha, hii iko nini?"

Mtoto akajibu.

"Prefe, option mulinichagulia. Wa kumushonea, mulisema nichague mwenyewe. Njo nimechagua uyu."

Ndama akaanza kulamba suruali ya prefe. Prefe alijikaza, akashindwa, akacheka hadi akavua miwani. Kisha akanigeukia mimi.

"Papa, unasema nini?"

Nikasimama mbele ya watu wote. "Mimi nilikosa. Sikumuuliza."

Prefe akasema basi, ahamie veterinaire. Hapo mwalimu wa ushonaji akaja juu: "Hapana! Uyu njo wa kwanza mu darasa yangu!"

Wakaanza kubishana, wakubwa wawili, hadi prefe akamtazama Furaha. "Weye unataka nini?"

Wakuu, nililia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza.

Alitaka vyote viwili: sasa yuko veterinaire, na makoti ya ndama anashona jioni.

Shule ipange saa na uniform, sawa. Lakini maisha ya mtoto, aulizwe kwanza, na sisi wazazi tuache kusaini ovyo. Nyie wa kwenu mliwauliza? Semeni ukweli hapa chini. Mimi naitwa zizini, kuna ndama kazaliwa asubuhi na fundi wangu anataka nimshike apimwe koti.