Shindilia na Fremu Zilizobaki Ng'ambo

Sokoni walimwita Shindilia, na jina lenyewe wala halikumkera. Aliagiza matrekta madogo yaliyotumika kutoka ng'ambo, na kila aliye kwenye biashara hiyo anajua kinachomla mtu si bei ya trekta, ni nauli ya kontena. Wenzake walijaza kontena hewa, wakailipia hewa. Yeye? Thubutu! Alimwamuru wakala wake avue magurudumu, ang'oe viti, majembe ayalaze chini ya matumbo ya matrekta, sahani za haro, zile za kuvunjia mabonge ya udongo, azipange kama sufuria kabatini. Nafasi ikibaki, alitafuta mwenye pampu za maji wachangie nauli. Ndiyo maana aliuza rahisi, na watu waliozoea kulima kwa mkono wakaanza kumiliki trekta. Hapo tumpe haki yake.

Mtaji wa kwanza alipewa na mjomba wake, aliyemlea tangu mama yake afariki. Mzee aliuza ng'ombe wake wote wa kulimia, akarudia jembe la mkono mpaka mgongo ukapinda. Shindilia akaapa kwamba mjomba naye atapata trekta, tena kwa bei ya kuleta tu.

Msimu alioagiza la mjomba, nauli ilipanda, ikapanda kwelikweli. Wakala akapiga simu kusema matrekta ya safari hii yana fremu ndefu za chuma nyuma ya kiti, hayapangiki. Hata zikifunguliwa, zitakula nafasi ya trekta zima.

"Ziache huko huko," akasema Shindilia.

Mzigo ulipofika, fundi wake aliunganisha trekta la mjomba, akazunguka akitafuta.

"Dada, fremu iko wapi?"

"Imebaki. Ilikuwa inakula nafasi."

"Ile si pambo, dada. Trekta likipinduka, ndiyo inayolizuia lisimlalie dereva."

"We nawe! Watu wanalima, hawashindani mbio."

"Shamba la mjomba wako ni mteremko mtupu."

Shindilia alilijua lile shamba, alilipalilia utotoni.

"Tutamchomelea nyingine baada ya kupanda," akasema mwishowe. "Mvua hizo zinakuja. Nikimchelewesha, atalima kwa mkono tena."

Fundi akarudi kukaza boliti zake, uso umemshuka.

Kabla hata ya kupanda, mjomba alipinduka na trekta kwenye kona ya shamba, juu ya mtaro, pale alipokuwa akigeuza. Wala hakuwa mbio, trekta lilikuwa likitambaa tu. Majirani walilinyanyua kwa mikono yao, lakini mzee alishakata roho.

Msibani Shindilia hakuketi. Alifagia, alichota maji, aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Wageni walipopungua, mkaza mjomba, mke wa marehemu, akamwita chumbani. Shati la kazi la mzee lilikuwa bado linaning'inia mlangoni.

"Kaa, mwanangu. Nataka ujue mzee alivyokuwa akikusifu. Kila anayepita aliambiwa, 'Mwanangu huyu hakuniongezea hata senti.' Lile trekta lilimpa raha, mwenzio. Usijilaumu, ni ajali."

Angeweza kuitikia tu, akatoka. Nani angejua? Fundi asingesema.

"Mama, lilikuwa na fremu," akasema. "Chuma cha kumkinga dereva. Nilikiacha ng'ambo ili nauli ipungue. Fundi alinionya."

Mkaza mjomba hakulia, hakufoka. Alikaa, mikono mapajani, akilitazama lile shati mlangoni, mpaka Shindilia akatamani bora apigwe kofi.

"Kilikuwa kikubwa?" akauliza hatimaye. "Hicho kilichokosa nafasi."

Shindilia akasimama. Kwa vipimo hakuwa na mpinzani. Akatanua mikono kuonyesha upana, kisha akapandisha kiganja kutoka usawa wa kiti kwenda juu, kuonyesha urefu.

Mjane akaitazama nafasi ile aliyoonyeshwa, akaitazama sana.

"Angeenea," akasema. "Mume wangu angeenea humo."