Meno ya Kiatu cha Kushoto

Jumanne nilikuwa kwa fundi viatu wa Temeke, nimefuata makubazi yangu, mara akaingia winga wa kushoto tuliyemshangilia miaka yote ile. Siku hizi timu haimwiti tena; amepata kibarua bandarini. Akaweka viatu vyake vya mpira mezani.

"Fundi, ning'olee haya meno ya chini. Nataka kuvivaa kazini."

Fundi huyo zamani alikuwa golikipa wa timu ya watani wao wa jadi. Alikishika cha kushoto, akakipuliza vumbi, akachukua koleo, kisha akalirudisha chini.

"Hiki siwezi, ndugu yangu."

"Kwa nini?"

"Kilinifunga mabao matatu mbele ya mke wangu. Nikiking'oa meno, wanangu watadhani nilifungwa na mtu wa hivihivi."

Winga alicheka, huku akijifuta macho kwa mkono wa shati. Fundi akayashusha makubazi yangu msumarini, akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, naye akampa.

Mnaosema watani hawapendani, pelekeni viatu vyenu pale. Mie nilirudi nyumbani pekupeku, kama alivyokuwa akitufungia mabao yeye kabla hajapata viatu vile.