Nguzo Tisa za Dungu

Nilianza kujifunza kuchora katika umri ambao wenzangu wanaanza kusahau walikoweka miwani. Sababu ilikuwa moja. Dungu la baba, kibanda chake cha kulindia mpunga kule bondeni Mohoro, lilikuwa karibu kubomolewa. Mchwa walikwishaingia, na kaka yangu alikuwa amesema mpunga ukivunwa tu analiangusha. Baba aliyelijenga kwa mikono yake alikuwa kwangu Kibiti, kwenye kitanda cha kamba barazani, upande wa kulia umelegea kwa kiharusi. Nilitaka alione mara moja tu kabla halijaondoka.

Picha za simu alizikataa. Kila nikimsogezea alisema anajiona mwenyewe kwenye kioo. Lakini mabango ya ng'ambo ya barabara aliyasoma yote akiwa amelala. Nikawaza karatasi kubwa, mkaa, na mistari minene.

Nikaenda kwa jirani yangu, fundi anayechora mabango ya saluni na maduka. Alicheka, kisha akanipa kiberiti.

"Anza na hiki, dada. Ukikiweza hiki, nyumba umeiweza."

Wiki nzima nilichora kiberiti, na wiki nzima kikatoka kama kimekanyagwa na lori. Mimi ni fundi cherehani. Nimezoea vitu vilivyolala, kitambaa mezani, chaki na mkasi. Bega linakuja kusimama baadaye, mwilini mwa mtu. Siku moja baada ya alasiri nikauinamisha mstari mmoja kidogo kuelekea nyuma, na kiberiti kikainuka. Nilicheka peke yangu. Nikapapasa karatasi, nikitafuta ubavu wake.

Tangu hapo nikawa natembea kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Tangi la maji, ndoo, meza ya muuza mihogo, vyote vilikuwa vinaniinamishia kingo zao kuelekea mahali fulani mbali, mistari iende ikakutane huko. Fundi alinieleza kwamba mahali hapo huwa sawasawa na macho yangu. Nikichuchumaa panashuka, nikisimama panapanda pamoja nami. Siku kadhaa nilikuwa nachuchumaa na kusimama uani bila sababu, nikifurahi kwamba mwisho wa dunia unafuata magoti yangu.

Kisha nikaenda Mohoro. Nilifika shambani ukungu bado umelala juu ya mpunga, na dungu limesimama ndani yake, nyumba ndogo ya makuti juu ya nguzo, kama lisilogusa chini. Humo ndimo baba alikuwa akihamia kila msimu kuamia mpunga, kufukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Pande zote palikuwa matope. Pakavu palikuwa mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kando ya njia, nami nikakaa hapo na ubao wangu mapajani.

Nilichora nguzo zote tisa zikiwa sawa. Ningefanyaje? Mtoto yeyote wa bondeni anajua nguzo za dungu hukatwa kwa kipimo kimoja. Siku ya kulijenga baba alisimama, akainua mkono juu, mama akakata ufito kuanzia unyayo wa baba hadi ncha ya kidole, na ufito huo ukapima zote. Nikachora na kipande cha chini, urefu wa mkono mmoja, kilichofukiwa ardhini, maana ndicho kinachoshikilia dungu maji yakija.

Fundi alipoiona karatasi alishika kiuno. "Dada, hicho cha chini ya udongo umekionaje? Una macho ya fuko?"

Akanifutisha. Nikarudi kwenye kichuguu mara mbili zaidi. Nguzo za mbele nikaziacha ndefu, za katikati nikazipunguza, za nyuma nikazipunguza tena, na dungu likaingia ndani ya karatasi, likakaa. Sijawahi kushona nguo ikanifurahisha hivyo.

Nikalitundika mbele ya kitanda cha baba. Aliangalia muda mrefu.

"Nani kanikatia nguzo zangu?"

"Hakuna aliyekata, baba. Ziko mbali tu."

"Mbali hakupunguzi mti. Dungu hili linaanguka."

Nikamgeuzia kitanda kifuate urefu wa barabara, nikamwonyesha nguzo za umeme zinavyopungua kwenda mjini.

"Hizo sikuzikata mimi," akasema. "Siwezi kuzijibia."

Nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nilikasirikia mgonjwa. Niliikunja karatasi kwa kishindo, nikaenda kukanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika mara tatu. Nilikuwa nimempelekea dungu lake lote, naye kaona urefu wa nguzo.

Siku ya tatu akaniita.

"Lete ile karatasi. Ulikaa wapi hata ukaona hivi?"

"Kwenye kichuguu, njiani. Kwingine kote matope."

Mkono wake mzima ukawa unatembea juu ya mkaa, polepole, mpaka kidole kikawa cheusi.

"Mama yako ndipo alipokuwa anasimama," akasema. "Akileta chakula havuki yale matope, anasimama hapohapo ananiita. Mimi nakaa pembe ya nyuma, ya mtoni. Miaka yote ile, mimi namwona yeye. Sikuwahi kujiuliza yeye ananionaje."

Mama ana miaka sita kaburini.

"Nitie na mimi humo," akasema. "Pembe ile ya nyuma. Mkono juu, namwitikia."

Nikachukua mkaa, na hapo nikakwama. Mtu wa urefu gani? Kisha nikakumbuka ufito. Baba akiwa ameinua mkono ni nguzo moja nzima, pamoja na kile kipande cha chini ya udongo ambacho fundi alinifutisha. Nikapima nguzo ya pembe ya nyuma, ile fupi kuliko zote, nikaiongezea sehemu yake iliyofukiwa. Ikatoka ndogo, haifiki urefu wa kidole changu cha shahada. Nikamtazama baba, nikaona haya kumwonyesha.

"Ni mdogo sana, baba. Nikikuchora mkubwa zaidi itapendeza."

"Zile nguzo ni sawa na mimi," akasema. "Kama alikuwa anaziona hivyo, na mimi nipunguze."

Nikampunguza. Mtu mdogo wa mkaa, mkono juu. Nikaitundika tena karatasi. Baba akaniomba nikisogeze kitanda nyuma kidogo, awe mbali kama mama pale kichuguuni, kisha kidogo tena, mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta, naye akauinua mkono wake wa kushoto kuelekea kwenye karatasi.