Gorogoro Iliyoingizwa Tumbo

Jumamosi sokoni Kitale, mama mmoja wa Kipsongo alikuja kununua mahindi ya watoto wake wanne. Alitaka gorogoro moja tu, ule mkebe wa kilo mbili, na ndicho kilikuwa chakula chao cha siku tatu. Muuzaji, mama wa Kimilili mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, akachota na kupangusa juu kwa kiganja.

Mnunuzi akauinua mkebe, akauchungulia chini, akaona kitako kimebonyezwa kuelekea ndani. "Mama, mbona hii imeingizwa tumbo ndani?"

"Soko lote linapima hivi, dada."

"Si Jumapili ni wewe ulituombea ati ghala zetu zijae mpaka zimwagike? Zitajaa na hii?"

Wauza nyanya wakacheka. Mimi, niliyesimama kando nikitazama, nilikuwa nimefura kwa hasira, na hoja tatu za kumwaibisha muuzaji tayari mdomoni. Sikupata nafasi. Alimwaga mahindi, akaokota jiwe, akagonga kitako kutoka ndani mpaka kikanyooka. Akachota tena, akatikisa, akashindilia, akaongeza mpaka punje zikamwagikia kikapuni mwa mnunuzi.

"Haya, enda upikie watoto. Na kesho kanisani usiniangalie vibaya, bana."

"Kesho tutaimba pamoja."

Tunamwomba Mungu afungue madirisha ya mbinguni, na kwa mvua ya mwaka huu naamini ameshafungua. Mashamba hayajatunyima, sisi ndio tumebonyeza mikebe, na jiwe moja linatosha kuinyoosha.

Nami nikapanga foleni haraka, kabla ile gorogoro haijarudi kuwa ya soko lote.